Kufuli la Darubini ya Bunduki: Linachozuia na Lisichozuia

Nyumba nyingi zenye watoto zina ile chupa ya dawa ambayo kifuniko chake hakifunguki kwa kuzungushwa tu. Lazima ukibonyeze kwanza, ndipo ukizungushe. Mtoto akicheza nayo, kifuniko kitazunguka weee na chupa isifunguke. Aliyeibuni alielewa jambo moja: mkono unaweza kufanya tendo moja kwa bahati mbaya, lakini matendo mawili kwa mpigo ni nadra.

Ukishaielewa chupa hiyo, umeshaelewa nusu ya habari ya leo: kufuli la darubini ya bunduki. Hapa kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, na wengi wetu darubini hizi tumeziona kwenye filamu tu. Basi twende Scotland, ambako kifaa hiki kina kazi halali ya kila msimu.

Katika milima ya Scotland kuna ayala, mnyama anayefanana na paa, ambaye dume lake lina pembe za matawi. Mbwa mwitu waliokuwa wakiwala walimalizwa karne nyingi zilizopita. Ayala wakizidi hula miche yote na msitu haukui tena, kwa hiyo kila mwaka hupunguzwa kwa bunduki. Mwindaji hutembea kwa saa nyingi, kisha hutambaa kwa tumbo kwenye majani na matope, bunduki ikiwa ndani ya mfuko wake. Anapata nafasi ya risasi moja. Risasi hiyo ikikosea kidogo, mnyama hafi. Hukimbia na jeraha, akateseka siku kadhaa.

Sasa tuiangalie darubini yenyewe. Risasi ikitoka mtutuni huanza kuanguka, kama jiwe ulilolirusha baharini. Bunduki iliyorekebishwa ipige sawasawa mita 100 itapiga chini ikilengwa mita 300, na kwa risasi nyingi za kuwindia tofauti hiyo ni kama sentimita 40. Ili kufidia, juu ya darubini kuna kifundo cha kuzungusha, ambacho wenyewe hukiita tareti. Hiki cha juu ni cha kimo; cha ubavuni ni cha kushoto na kulia.

Chini ya kifundo kuna skrubu. Ndani ya bomba la darubini mna bomba jingine dogo lenye lenzi. Skrubu hulikandamiza kwa juu, na springi hulisukuma kutoka upande wa pili. Ukizungusha kifundo, bomba dogo linainama kwa kiasi kidogo mno, na ule msalaba wa kulengea unahama kutoka kwenye shabaha. Mwindaji akiurudisha msalaba mahali pake, mtutu unakuwa umeinuka. Kwa hivyo risasi huanza safari yake juu kidogo, na inapoanguka hufika panapotakiwa.

Mzunguko huo huenda kwa hatua, na kila hatua hulia "tik". Mlio huo ni wa gololi au pini ndogo inayosukumwa na springi na kutumbukia baina ya meno ya chuma. Katika darubini nyingi hatua moja huhamisha risasi sentimita 1 kwa mita 100, sentimita 2 kwa mita 200, na sentimita 3 kwa mita 300. Kwa hiyo sentimita 40 za mita 300 hufidiwa kwa hatua 13 au 14.

Shida ni kwamba kifundo cha kimo kimesimama juu, wazi, kama nundu ya ng'ombe. Bunduki ikivutwa kutoka mfukoni, kitambaa kinaweza kukizungusha. Tuseme kimehama hatua 10 na mwindaji hakujua. Kwa mita 200 hizo ni sentimita 20. Risasi iliyokusudiwa moyo itapita juu ya mgongo, au ipige pasipoua haraka.

Hapo ndipo kufuli linapoingia. Katika aina iliyozoeleka, kifundo kikiwa chini, meno yaliyo ndani yake yanashikana na meno ya pete isiyozunguka iliyofungwa kwenye mwili wa darubini. Hakiendi popote. Ukikivuta juu, meno yanaachana na pete, lakini kifundo kinabaki kimeshikana na skrubu, hivyo sasa kinazunguka. Ukimaliza unakisukuma chini kikajifunga. Darubini za Razor HD za kizazi cha pili kutoka kampuni ya Vortex hufanya hivyo. Kampuni ya Leupold, nayo ya Marekani, ina mtindo mwingine: kifundo hujifunga kikifika sifuri, na hakitoki hapo mpaka ubonyeze kitufe. Mitindo ni tofauti, lakini hekima ni ile ile ya chupa ya dawa.

Kufuli lisichanganywe na kizuizi cha sifuri. Kifundo kinaweza kuzunguka zaidi ya mara moja, na kila mzunguko namba zinajirudia. Unaona 0 na kumbe umezidisha mzunguko mzima. Kwenye kifundo chenye hatua 100 kwa mzunguko, kosa hilo ni mita 1 nzima kwa umbali wa mita 100. Kizuizi cha sifuri ni ukuta wa ndani: ukirudisha kifundo, kinagota pale pale ulipoanzia. Darubini nyingine zina vyote viwili, nyingine kimoja tu.

La mwisho ndilo kubwa. Kufuli halijui lililo sahihi. Ukiweka hatua 14 kwa ajili ya mita 300, kisha mnyama akatokea mita 100, kufuli litakulindia kwa uaminifu kosa la sentimita 14. Wala halisaidii ikiwa bunduki imeanguka na vishikio vya darubini vimelegea. Ndiyo maana mwindaji makini, hata mwenye darubini ya bei ghali, huitazama namba kila mara kabla ya kugusa kifyatulio, na hurudisha sifuri kila anapomaliza.

Hata ile chupa ya dawa ni hivyo hivyo. Kifuniko humzuia mtoto asiifungue, lakini kusoma kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ni kazi yako wewe mzazi.