Mdhamini Ni Wewe

Kila kikundi kinachokopeshana kinajua uzito wa neno mdhamini. Mwanachama akiomba mkopo, wenzake wawili watatu wanatia sahihi. Akishindwa kulipa, akiba yao ndiyo inayokatwa. Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi watu huuliza: Pesa hizi ni za nini? Zitarudi vipi? Na ule mkopo wa kwanza, aliulipa?

Sasa ndugu msomaji, hebu tukuulize nawe. Je, unajua kwamba wewe ni mdhamini wa mikopo ya mabilioni ya shilingi? Hukuketi kwenye mkutano wowote wala hukutia sahihi. Lakini kampuni kubwa ikianguka na serikali ikaamua kuiokoa, pesa zinatoka Hazina ya Taifa, na Hazina haina shamba wala ng'ombe wa maziwa. Inajazwa na kodi: ile inayokatwa kwenye mshahara wa mwalimu, na ile VAT unayolipa ukinunua sabuni au petroli ya pikipiki.

Katika makala haya tunaeleza vile kampuni huokolewa, nani hulipa, na kwa nini sisi wananchi hatuulizi yale maswali matatu ambayo tungemuuliza jirani anayetaka mkopo wa shilingi elfu tano.

NJIA TATU ZA KUOKOA KAMPUNI

Njia ya kwanza ni kutoa pesa. Serikali inaipa kampuni mabilioni, kama mkopo au kama msaada, ili ilipe madeni na mishahara.

Njia ya pili ni dhamana. Serikali haitoi pesa siku hiyo. Inaiambia benki, "Wakopeshe hawa. Wakishindwa, tutalipa sisi." Njia hii huonekana haina gharama, na ndiyo sababu wakubwa wanaipenda. Lakini muulize mtu yeyote aliyewahi kumdhamini shemeji yake.

Njia ya tatu ni kugeuza deni kuwa hisa. Ni kama mwenzenu aliyeshindwa kulipa awaambie, "Pesa sina, lakini chukueni nusu ya duka langu." Hiyo si mbaya ikiwa duka lina mali. Kama rafu ni tupu, mmechukua nusu ya hasara.

MFANO WA KWANZA: SUKARI

Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973. Kwa miaka mingi kilikuwa kikubwa kuliko vingine vyote nchini, na familia nyingi za magharibi zilisomesha watoto kwa pesa za miwa. Mwaka 2001 hisa zake ziliingia Soko la Hisa la Nairobi, na wananchi wa kawaida wakanunua.

Kuanzia mwaka 2013 kampuni ikawa inatangaza hasara. Uchunguzi wa hesabu uliofanywa mwaka 2014 ulionyesha biashara ya sukari iliyokwenda kinyume cha utaratibu, na baadhi ya wakubwa wakaachishwa kazi. Wakulima nao walikuwa wakingoja malipo. Januari 2015 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shilingi bilioni moja za kuiokoa, na nyingine zikafuata baadaye.

Je, iliokoka? Hapana. Hasara ya mwaka ulioishia Juni 2018 ilipita shilingi bilioni 15. Septemba 2019 benki ya KCB, iliyokuwa ikiidai, ikaweka msimamizi wake. Desemba 2021 kiwanda kikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda, na kesi zikafuatana mahakamani. Wakulima wengi walikuwa wamechoka zamani, wameng'oa miwa na kupanda mahindi.

Tazama mpangilio wa mambo. Pesa zilitangulia, ugonjwa ukabaki. Hiyo ni kutia maji kwenye pakacha.

MFANO WA PILI: NDEGE

Kenya Airways ilibinafsishwa mwaka 1996, na shirika la KLM la Uholanzi likanunua asilimia 26. Ilifanya vizuri kwa muda. Baadaye ikakopa sana kununua ndege mpya, halafu wasafiri wakapungua kwa sababu ya mashambulizi ya kigaidi hapa nchini na ugonjwa wa Ebola Afrika Magharibi. Mwaka ulioishia Machi 2015 ilipata hasara ya shilingi bilioni 25.7. Uliofuata, bilioni 26.2.

Mwaka 2017 serikali ikaiokoa kwa njia mbili pamoja. Deni iliyokuwa ikidai ikaligeuza hisa, na sehemu yake ikapanda kutoka chini ya asilimia 30 hadi asilimia 48.9. Tena ikadhamini mikopo ya dola milioni 750. Kwa bei ya dola ya wakati ule, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 75.

Hebu tupige hesabu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Gawa bilioni 75 kwa idadi hiyo. Kila mtu, hata mtoto aliyezaliwa jana, alidhamini zaidi ya shilingi 1,500. Nyumba ya watu sita, zaidi ya 9,000. Na wengi wa hao sita hawajawahi kupanda ndege.

Mwaka 2022 shirika likashindwa kulipa sehemu ya deni hilo, na Hazina ikaanza kulilipa. Mdhamini alikatwa akiba. Ni kweli kwamba mwaka 2024 shirika lilipata faida ya shilingi bilioni 5.4, baada ya zaidi ya miaka kumi ya hasara. Lakini nusu ya kwanza ya 2025 ilirudi kwenye hasara ya zaidi ya bilioni 12.

JE, KAMPUNI ZIACHWE ZIFE?

Wacha tuseme ukweli, swali hili si rahisi. Kiwanda kikifungwa, anayeumia kwanza si mkurugenzi. Ni mkata miwa, dereva wa trekta na mama anayeuza chai langoni. Ndege zikisimama, wakulima wa maua na mboga wataona. Kwa hivyo hatusemi kila kampuni iachwe.

Tunachosema ni hiki: aokolewe yule anayekubali masharti. Kikundi chenu kikimwongezea muda mwanachama aliyekwama, kwanza mnataka kuona daftari lake. Mnataka kujua pesa zilikwenda wapi. Kama alizitumia vibaya, hapewi nyingine kabla ya kueleza. Mama mboga akila hasara, hakuna anayekwenda Bungeni kwa niaba yake. Anajikusanya na kuanza upya na kreti moja ya nyanya. Basi mkubwa anayesaidiwa kwa pesa za huyo mama na aulizwe maswali yale yale.

KWA NINI HATUULIZI?

Hapa tunafika penye uchungu. Tuseme mweka hazina wa kikundi chenu amepoteza shilingi elfu kumi. Mtakaa mpaka usiku. Hata kama ni binti wa shangazi yako, utasimama na kusema, "Dada, daftari liko wapi?" Lakini mabilioni yakipotea Nairobi tunauliza swali lingine: "Aliyekula ni wa chama gani?" Kama ni wa chama kile, ni mwizi. Kama ni wa chama chetu, ati anaonewa, ni siasa tu, na tena ni zamu yetu.

Kutouliza huko wakubwa wanakujua, na wanakutegemea. Kiongozi aliye na uhakika wa kura yako, afanye mazuri au mabaya, hana sababu ya kukujibu. Ndiyo maana wakati wa uchaguzi tunaambiwa tupige kura "suti". Zamani suti ilikuwa na vipande vitatu: diwani, mbunge na rais. Tangu mwaka 2013 ina vipande sita. Unavaa yote bila kuangalia kama kuna kipande kilichotoboka.

Sasa tazama kama chama kimoja kimetofautiana na kingine katika jambo hili. Maduka ya Uchumi yalipofungwa Juni 2006, serikali ya Rais Mwai Kibaki, aliyeingia kwa tiketi ya NARC, ilitia mkono yakafunguliwa tena. Mumias na Kenya Airways zilisaidiwa wakati wa Jubilee. Deni la ndege likaendelea kulipwa chini ya Kenya Kwanza. Jina la chama lilibadilika, mlipaji hakubadilika.

Na hao wakubwa wenyewe, je, wanakaa kwenye vyama vyao kama sisi? Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991 na vyama vingi vikarudi. Mwaka uliofuata FORD ilikuwa imegawanyika mara mbili. NARC iliyoshinda 2002 ilikuwa imepasuka kufikia kura ya maoni ya 2005. Mahasimu wa 2007 waliunda serikali moja mwaka 2008, baada ya zaidi ya watu elfu moja kuuawa. Washindani wa 2017 walipeana mikono tarehe 9 Machi 2018. UDA na ODM, zilizokuwa pande mbili tofauti mwaka 2022, zilitia sahihi mkataba wa kushirikiana tarehe 7 Machi 2025.

Sisi hatulaumu watu kupatana. Kupatana ni kwema. Lakini kuna vikundi vijijini vilivyovunjika kwa sababu ya uchaguzi na mpaka leo havijarudi kuwa kimoja. Majirani wawili waliokuwa wakichota maji pamoja walinuniana kwa ajili ya watu ambao sasa wanakunywa chai meza moja.

Hatusemi mtu asiwe na chama. Chama ni chombo, kama jembe. Linalima, unalitunza. Mpini ukivunjika unatia mwingine. Hakuna anayefunga ndoa na jembe.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya wakubwa." La. Katiba ya 2010 imetupa vyombo, na havihitaji wakili.

1. Andikeni barua ya kuuliza. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa kujibu katika siku 21. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na ofisa. Msipojibiwa, pelekeni malalamiko kwa Ombudsman. Wekeni nakala ya kila barua kwenye faili la kikundi.

2. Ulizeni habari za dhamana. Kifungu cha 213 kinasema kwamba katika miezi miwili baada ya mwaka wa fedha kuisha, serikali ya kitaifa lazima itangaze ripoti ya mikopo yote iliyodhamini mwaka huo. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, kwa hivyo ripoti hutakiwa kufikia mwisho wa Agosti.

3. Mwulizeni mbunge alipigaje kura. Dhamana kama hizi hupitia Bunge. Akija kwenye harambee, msimshangilie tu kwa bahasha aliyoleta. Mwulizeni kwa heshima: "Mheshimiwa, jambo lile lilipofika Bungeni, wewe ulisema nini?"

4. Pelekeni ombi Bungeni. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki hiyo. Ombi la vikundi kumi vilivyokubaliana lina nguvu kuliko malalamiko ya mtu mmoja sokoni.

5. Acheni rangi za vyama mlangoni. Kubalianeni kwamba katika mkutano wa kikundi hakuna kofia wala fulana ya chama. Kisha andikeni maswali yenu matatu, na kila anayeomba kura aulizwe hayo hayo, awe wa kwenu au wa upande ule. Mkimwuliza mmoja na kumsamehe mwingine, mmerudi palepale.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

(a) Mtu akitaka mkopo katika kikundi chetu, tunamwuliza nini? Tuyaandike kwenye karatasi.

(b) Ni lini tuliwahi kumtetea kiongozi kwa jambo ambalo tusingemsamehe mweka hazina wetu? Kila mtu ajibu kuhusu upande wake mwenyewe, si upande wa jirani.

(c) Je, kuna mwanachama aliyetuacha kwa sababu ya siasa? Nani atakwenda kumwona, na lini?

(d) Kama kiwanda cha hapa kwetu kingeanguka kesho na serikali ikataka kukiokoa, tungetaka masharti gani?

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kikundi mnalifunga kwa kufuli, na ufunguo mnampa mtu mwaminifu. Daftari la nchi nalo ni lenu, na gharama yake mmekwisha kuilipa. Mliombe mlisome.