Chupa Iliyo Chini ya Kitanda

Aliyewahi kwenda kumwona mgonjwa katika wodi ya upasuaji huenda alishuhudia jambo hili. Mgonjwa ameketi kitandani, mrija wa mpira umetoka ubavuni mwake na kuishia ndani ya chupa iliyowekwa sakafuni. Chupani mna maji, nayo hupanda na kushuka mrijani kila anapovuta pumzi. Jamaa wakiona hivyo hunong'onezana, "Huyu hatoki." Wengine huomba kumrudisha mtu wao nyumbani kabla hajatobolewa.

Hofu hiyo naielewa, lakini yenyewe ndiyo inayoua.

Pafu limevikwa utando, na mbavu kwa ndani zina utando wake. Baina ya tando hizo mna nafasi finyu yenye majimaji kidogo ya kulainisha. Mtu akipata nimonia, ambayo wengi wetu huiita kichomi, au kifua kikuu, vijidudu vyaweza kupenya hadi pale na usaha ukajaa. Pafu hubanwa, homa hukataa kushuka, pumzi huwa fupi. Hapo sindano na vidonge peke yake mara nyingi havitoshi, maana usaha hauna pa kutokea.

Mtu atauliza: kwa nini basi asipasuliwe tu kama jipu? Swali hilo lilijibiwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1918, mafua makali na nimonia vilipozikumba kambi za jeshi la Marekani, askari wengi walijaa usaha kifuani. Madaktari waliwapasua mapema na kuacha tundu wazi. Wakafa karibu 30 katika kila 100. Tume ya uchunguzi, aliyokuwamo daktari Evarts Graham, ikaonyesha kwamba hewa ya nje iliingia kwa tundu lile na kulifanya pafu linywee. Walipoacha kuharakia kisu, wakavuta usaha kwanza bila kuruhusu hewa iingie, vifo vilipungua mno.

Kazi ya ile chupa ndiyo hiyo. Daktari Gotthard Bülau wa Hamburg, Ujerumani, alikuwa ameitumia tangu karne ya 19. Ncha ya mrija huzamishwa majini. Usaha na hewa hutoka kifuani, lakini hewa ya nje hairudi, kwa kuwa maji yameziba njia. Yale maji yanayopanda na kushuka, yanayowatisha watu, ni dalili kwamba mrija haujaziba.

Sasa, madhara mengine twayaleta sisi wenyewe. Mtu anafagia, anainua chupa na kuiweka juu ya kitanda. Uchafu wote unarudi kifuani. Chupa ikae chini ya kifua daima, hata mgonjwa akienda kupigwa picha. Mwingine anaukalia mrija, au anaubana kwa kuona mapovu yanatoka. Mapovu ni hewa inayovuja kutoka pafuni. Ukiiziba njia, hewa hujikusanya kifuani, ikasukuma moyo, na mgonjwa aweza kufa kwa dakika chache. Chupa ikipinduka, mwite nesi mara moja.

Mrija huuma, sikatai. Daktari hutia ganzi wakati wa kuuweka, na baadaye mgonjwa ana haki ya kuomba dawa ya maumivu, kwa sababu asiyeweza kukohoa wala kuvuta pumzi ndefu pafu lake halifunguki.

Anayetoroshwa hospitali, au anayechelewa kufika, hukutwa na jambo zito zaidi. Usaha huganda, ukawa gamba gumu linalolifunga pafu, na mrija haufui dafu tena. Hapo bingwa wa upasuaji hulazimika kufungua kifua na kulibandua gamba lile kidogo kidogo. Mgonjwa hupoteza damu, pafu laweza kuvuja hewa kwa siku kadhaa, na baada ya kisu kikubwa namna hiyo huamka akiwa na mrija ule ule ubavuni, pengine miwili, na chupa chini ya kitanda.