Kabla ya Kubadilisha Pikapu za Gitaa

Mpiga solo akiniletea gitaa na kuniambia pikapu zake zimekufa, kwanza nachukua bisibisi na rula. Nabonyeza uzi mwembamba kwenye freti ya mwisho, kisha napima nafasi iliyobaki kati ya uzi na pikapu. Mara nyingi nakuta milimita nne au tano. Nazungusha skrubu za pembeni mpaka zibaki mbili hivi, na gitaa linaamka. Upande wa nyuzi nene naacha nafasi zaidi, kwa sababu sumaku ikisogea mno huuvuta uzi na noti huanza kuyumba.

Ikiwa bado hujaridhika, hapo ndipo tuzungumze kununua.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku hutikisika nao, na umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya ukaenda kwenye amplifaya. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hapo hazisikiki.

Tatizo ni kwamba waya huohuo hunasa mvumo wa umeme wa majumbani, ambao kwetu ni hezi 50. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili zilizozungushwa kinyume, na sumaku zake zimegeuziana ncha. Mvumo wa koili moja unafuta wa mwenzake, lakini sauti ya nyuzi inajumlishika. Hiyo ndiyo hambaka: nzito na tulivu, rafiki wa roki. Koili moja, kama za Fender Stratocaster, huvuma, lakini kila noti hutoka safi na kujitenga. Kwenye muziki wa dansi, ambako solo na ridhim husemezana bila kukanyagana, usafi huo ni mali.

Dukani utatajiwa namba ya omu kana kwamba ndiyo nguvu ya pikapu. Koili moja ya mtindo wa zamani huwa na kiloomu 6 hivi, hambaka ya mtindo wa miaka ya 1950 karibu 8, na nyingine hupita 14. Namba hiyo hupima ukinzani wa waya tu, na waya ukiwa mwembamba zaidi hupanda hata kama mizunguko ni ileile. Mizunguko ikiongezeka, sauti hukua na kujaa katikati, ila trebo hufifia. Sumaku nazo zina tabia zao: Alniko II ni laini, Alniko V hung'aa zaidi, seramiki ni kali.

Kwa hiyo mweleze muuzaji kinachopungua kwenye sauti yako, kisha hakikisha mambo matatu. Pikapu iingie kwenye tundu lililopo bila kuchonga mbao. Ya upande wa daraja isiwekwe shingoni, maana huzungushiwa waya mwingi zaidi kufidia uzi unaotikisika kidogo pale. Na kidhibiti cha volyumu kilingane na pikapu: kwa kawaida kiloomu 250 kwa koili moja, 500 kwa hambaka.

Kabla fundi hajayeyusha risasi, piga picha ya kila waya ulipoungwa. Pikapu za zamani zifunge kwenye kitambaa uzihifadhi. Ukizikumbuka baada ya miezi miwili, utajua pa kuzirudisha.