Kipimo cha Sukari ya Miezi Mitatu

Kila mweka hazina wa chama cha msingi anajua kuwa fedha zilizomo kasikini leo asubuhi hazielezi hali ya chama kwa msimu mzima. Kasiki huweza kujazwa kwa mkopo siku ya ukaguzi. Leja ndiyo isemayo kweli. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa kisukari. Kipimo cha kawaida cha kidoleni huonyesha sukari ya saa ile ile tu, na wako wagonjwa wanaojinyima siku mbili kabla ya kliniki, wakasifiwa, kisha wakarejea kwenye chai iliyokolea sukari. Macho, figo na mishipa ya miguu havidanganyiki hivyo.

Kipimo cha pili, kiitwacho HbA1c, ndicho leja yenyewe. Sukari ya damuni hunata kidogo kidogo kwenye himoglobini, ile rangi ya chembe nyekundu za damu, na hubaki humo hadi chembe ife. Kwa kuwa chembe hizo huishi siku 120 hivi, kiasi kilichonata hueleza wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Jibu hutolewa kwa asilimia. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limekubali 6.5 kuwa mpaka wa kuutambua ugonjwa. Wagonjwa wengi hushauriwa wasivuke 7 hivi, ingawa daktari huweza kumlegezea mzee.

Njia ya zamani ni kutoa damu mshipani na kuipeleka maabara. Siku hizi ziko mashine ndogo za mezani zitumiazo tone la kidoleni na kutoa jibu kwa dakika chache, mgonjwa akingali mbele ya daktari. Kwingineko matone hukaushwa juu ya karatasi maalumu na kutumwa kwa posta. Kwa njia zote hizo, hapana haja ya kufunga kula.

Lipo jambo lisilosemwa vya kutosha. Mwenye selimundu, mwenye upungufu mkubwa wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni, huweza kupata jibu la kupotosha, kwa kuwa chembe zake hazikuishi umri wa kawaida, au si zake zote. Katika Kanda ya Ziwa, ambako selimundu ni nyingi, mgonjwa na alitaje hilo kabla ya kupimwa.

Mwenye hali tulivu hupimwa mara mbili kwa mwaka. Aliyebadilishiwa dawa, kila miezi mitatu. Kurudi baada ya wiki tatu ni kutupa fedha. Na kwa kuwa vitendanishi huweza kukosekana, yafaa katibu aiulize hospitali ya wilaya kabla mwanachama hajalipa nauli.