Je, tiba ya kuchunguza mawazo itakufaa?

TUSEME ulinusurika katika ajali ya matatu mwaka jana. Mifupa imepona, lakini kila ufikapo kituoni moyo hudunda, viganja hutoka jasho nawe hurudi nyumbani. Kazi iko karibu kukuponyoka. Jamaa wanakwambia ujikaze. Rafiki anakushauri umwone mshauri nasaha. Je, uende?

Ipo tiba ya mazungumzo inayotumiwa sana kwa shida kama hii. Ilianza miaka ya 1960 nchini Marekani, daktari wa akili Aaron Beck alipogundua kwamba wagonjwa wake wenye huzuni kubwa walijiwa ghafla na mawazo ya kujihukumu, wakayaamini bila kuyachunguza.

Msingi wake ni kuwa mawazo, hisia na matendo ni chanda na pete. Ukiwaza, "Nikipanda gari nitakufa," utaogopa. Ukiogopa utakwepa. Na kila ukikwepa, hofu huzidi, maana hukujipa nafasi ya kuona kwamba ungefika salama.

Mtaalamu hatakwambia tu usiogope. Mtaliandika wazo hilo na kulipima: ni nini kinalithibitisha, na ni nini kinalipinga? Kisha mtapanga hatua ndogo ndogo. Wiki hii, simama kituoni dakika kumi. Wiki ijayo, keti ndani ya gari lililoegeshwa. Baadaye, safiri hadi kituo kinachofuata.

Kabla ya kuamua, jiulize maswali haya:

Je, unaweza kulitaja tatizo lako? Tiba hii hushughulikia yanayokusumbua leo kuliko kuchimbua ya utotoni. Hufaa kwa hofu, wasiwasi, huzuni na hata kukosa usingizi.

Je, uko tayari kufanya mazoezi nyumbani? Anayetaka kusikilizwa tu, bila kujaribu lolote, hatanufaika sana.

Je, una muda na nauli? Kwa kawaida, huchukua vikao 6 hadi 20, aghalabu kimoja kwa wiki. Uliza ada mapema.

Je, shida iko katika mawazo au iko nje? Ikiwa mume anakupiga, kuchunguza mawazo hakutamzuia. Tafuta usalama kwanza.

Wakati mwingine tiba hii pekee haitoshi. Anayesikia sauti wasizosikia wengine, au aliyelemewa na huzuni hata hawezi kuamka kitandani, amwone daktari. Huenda akahitaji dawa pia. Na ikiwa unafikiria kujiua, usingoje kikao cha wiki ijayo. Mwambie mtu unayemwamini, akupeleke hospitali leo hii.

Ukishaamua, chagua kwa makini. Nchini Kenya, sheria ya 2014 inawataka washauri nasaha na wanasaikolojia wawe wamesajiliwa. Usione haya kumwuliza kama amesajiliwa, na kama amefunzwa tiba hii hasa. Baada ya vikao vichache, ukiona hakuna mabadiliko, mwambie waziwazi. Huenda mpango ukabadilishwa, au ukaelekezwa kwa mwingine.

Kutafuta msaada si wazimu wala udhaifu. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kituo cha matatu kingali pale pale. Huna haja ya kukirudia peke yako.