Barua za kuomba huruma hazisimamishi muda

Mtumishi wa umma akikabidhiwa barua ya kufukuzwa kazi, mara nyingi huanza kwa kumtafuta mkubwa anayemfahamu. Atamwandikia katibu mkuu, atampigia mbunge, atajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Nayaelewa matumaini hayo, lakini wakati anayasubiri, siku zake za kisheria zinakatika. Mahakama zetu zimekwisha kusema kwamba mazungumzo baina ya wahusika hayasimamishi ukomo wa muda.

Kwa Tanzania Bara, mtumishi aliyeadhibiwa na mamlaka yake ya nidhamu ana siku 45 za kukata rufaa, tangu alipopokea uamuzi. Rufaa huenda Tume ya Utumishi wa Umma, na asiporidhika, kwa Rais. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, sheria inamtaka amalize ngazi hizo kabla ya kutafuta nafuu kwa sheria za kazi.

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Mtu anasikia kwamba aliyeachishwa kazi isivyo halali hupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, naye anawahi huko. Anasikilizwa, pengine anashinda, kisha Mahakama Kuu inaufuta uamuzi kwa kuwa CMA haikuwa na mamlaka. Mwaka 2022, katika shauri la Shirika la Posta, Mahakama ya Rufani ilisisitiza msimamo huo hata kwa watumishi wa mashirika ya umma. Akirudi kwenye njia sahihi, siku 45 zimepita zamani.

Huwa namsikitikia sana mtu wa namna hii, maana hakulala. Sheria nayo haikumfungia kabisa. Katika shauri la Fortunatus Masha dhidi ya William Shija la mwaka 1997, Mahakama ya Rufani ilitofautisha kuchelewa halisi na kuchelewa kwa kiufundi: aliyefungua shauri lake kwa wakati, likaondolewa kwa kasoro, hatazamwi sawa na aliyekaa tu. Lakini lazima awe amechukua hatua mara baada ya shauri kuondolewa.

Anayeomba kuongezewa muda hupimwa kwa vigezo vya shauri la Lyamuya Construction: aeleze kila siku aliyochelewa, ucheleweshaji usiwe mrefu kupita kiasi, aonyeshe bidii, au aonyeshe sababu nyingine nzito, kama vile uamuzi wenye kasoro ya kisheria iliyo wazi. Aliyeugua aambatishe vyeti vyenye tarehe. Kusema tu kwamba hakuijua sheria hakumsaidii.

Uamuzi wa Rais ni wa mwisho katika ngazi za rufaa, ila Mahakama Kuu inaweza kuupitia uhalali wake. Maombi ya kibali cha mapitio hayo yafikishwe ndani ya miezi 6.

Basi kwenye barua ya kufukuzwa andika tarehe uliyoipokea. Rufaa ipelekwe mapema, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukishafanya hivyo, mtafute mkubwa unayemfahamu.