Tangazo la virusi ni uongo

Juma hili telefone ya mtunza-feza wetu, yenye feza ya likelemba, ilijaa maneno mekundu: "Virusi 5! Bonyeza hapa!" Alituuliza kwanza, na feza iko salama.

Tujue hivi: ule ni ukurasa wa intaneti tu, hauwezi kuona virusi ndani ya telefone. Tusibonyeze, tusipige namba inayoonyeshwa, tusimpe mtu namba ya siri ya M-Pesa ao Airtel Money. Tufunge ukurasa ule. Maneno yakirudi, tufungue Paramètres ya Chrome, kisha Notifications, tuzime kila tovuti tusiyoijua. Programu ngeni tuitoe. Na watoto wanaocheza na telefone zetu, tuwafundishe vilevile.